Madesa, Nyimbo na Picha: Nani Hulipia Tunachosambaza Bure?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Tanzania huunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la kozi yake kabla hajaujua mlango wa ukumbi wa mihadhara. Wiki haijaisha, simu yake imejaa. Kuna slaidi za mhadhiri, mitihani ya miaka iliyopita, kitabu kizima cha nadharia kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, makala ya jarida la Uingereza iliyochomolewa katika tovuti isiyo halali, riwaya ya mwandishi aliye hai, wimbo uliotoka jana usiku, na picha ya mwanadarasa aliyesinzia maktabani, imewekewa maneno ya kuchekesha. Vyote vimefika kwa njia moja: mtu amegusa kioo, amechagua jina la grupu, ametuma. Na vyote tunaviita jina moja, kushea.

Mimi ni mwanafunzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo mjadala wetu unapoharibika. Wanaotutetea husema elimu haina kufuli. Wanaotushutumu husema wizi ni wizi, uwe wa kuku au wa kitabu. Pande zote mbili zinakitazama kidole kinachotuma, na hakuna anayetazama upande wa pili wa kitendo: ni nani aliyestahili kulipwa, je, angelipwa kweli kama faili lisingetumwa, na ni nani anayeumia likishatumwa? Ukiuliza hivyo, vitu vilivyo ndani ya simu ile ile moja vinaachana mbali sana.

Tuanzie steshenari, maana chuo chetu kinaendeshwa na steshenari kama kinavyoendeshwa na maktaba. Mhadhiri huacha nakala moja ya madesa, yaani madokezo ya somo lake, kwenye kibanda fulani, humwambia CR, kiongozi wa darasa, na jioni darasa zima limetoa kopi. Kitabu cha rejea kilichochapishwa Oxford au New York kina bei inayoweza kumeza pesa ya chakula ya mnufaika wa mkopo mpaka bumu lijalo. Maktaba inacho kimoja, kimewekwa katika rafu ya vitabu visivyotoka nje, na wanaokihitaji wiki ya mtihani ni ukumbi mzima. Basi kinadurufiwa. Siku hizi hata karatasi imeonekana ghali; kitabu kinapigwa picha kwa simu na kugeuzwa PDF, kwa kuwa bando la siku ni nafuu kuliko kurasa mia mbili za kopi.

Je, huu ni wizi? Swali hili lilifikishwa mahakamani, tena kwa jina la kibanda cha kudurufu. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walikishtaki kibanda cha Rameshwari kilichomo ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi nchini India, pamoja na chuo chenyewe. Kosa lililotajwa ni lile lile la kila siku kwetu: wahadhiri wanachagua sura kutoka vitabu mbalimbali, kibanda kinazidurufu na kuzijalidi, wanafunzi wananunua kwa bei ya karatasi. Wanafunzi wa Delhi hawakukaa pembeni. Waliunda chama chao, wakaomba kuingizwa katika kesi, wakajieleza wenyewe mbele ya jaji. Baadhi ya wanazuoni ambao vitabu vyao ndivyo vilivyokuwa vinadurufiwa walijitokeza kupinga kesi iliyofunguliwa kwa faida yao. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupa kesi hiyo. Jaji alisema, kwa muhtasari, kwamba hakimiliki haikushuka kutoka mbinguni. Ni mpango uliowekwa na sheria ili elimu na sanaa zistawi, na sheria ya India yenyewe imeruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia. Desemba mwaka huo huo jopo la rufaa lilirudisha baadhi ya mambo yakasikilizwe upya, ila lilikataa kukifunga kibanda, na Machi 2017 wachapishaji wakaondoa shauri lao.

Hukumu ya Delhi haimfungi jaji wa Dar es Salaam wala wa Nairobi. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wengi wetu hatulijui: ndani ya sheria ya hakimiliki kuna milango iliyoachwa wazi makusudi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na COSOZA yake. Sheria ya 1999 inamruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi, kunukuu kwa kiasi, na kutumia sehemu ya kazi kama mfano wa kufundishia, mradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Kenya nayo ina nafasi ya namna hiyo kwa ajili ya utafiti, uhakiki na masomo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoa kopi ya sura moja aisome chumbani kwake yuko mahali tofauti kabisa na yule anayetupia kitabu kizima kwenye chaneli ya Telegram yenye watu elfu kumi. Wa kwanza anasoma. Wa pili amejifanya mchapishaji, tena mchapishaji asiye na gharama wala mkataba.

Tofauti hiyo nayo imeonekana Delhi. Mwalimu mmoja wa masomo ya ziada, Neetu Singh, alikuta vitabu na video za masomo yake zikigawiwa kwenye chaneli za Telegram, nyingine zikiuzwa kabisa. Agosti 2022 mahakama ile ile ya Delhi iliiamuru Telegram itoe taarifa za waendeshaji wa chaneli hizo, na ikakataa hoja kwamba seva ziko nchi nyingine. Mahakama iliyokinusuru kibanda cha kopi ndiyo iliyomlinda mwalimu anayeishi kwa kuuza masomo yake. Sioni mgongano wowote hapo. Oxford ingeishi bila ya malipo ya nakala zile za kibandani, lakini mwalimu huyu alikuwa ananyang'anywa mkate wake.

Sasa kuna jambo ambalo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Sheria ya Tanzania inalinda haki za kiuchumi za mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Piga hesabu: ulinzi huo ulimalizika mwaka 2012. Mathias Mnyampala alifariki mwaka 1969, naye hesabu yake ilifika mwaka 2019. Ina maana matini ya Kusadikika cha Shaaban Robert, kitabu kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1951, inaweza kuchapwa upya, kusomwa kwa sauti na kurekodiwa, kuwekwa mtandaoni, kuigizwa jukwaani, bila ya kumwomba mtu ruhusa ya kiuchumi. Kinachobaki ni heshima ya jina lake na uaminifu kwa maneno yake, pamoja na haki ya mchapishaji wa sasa juu ya dibaji mpya na jalada lake. Hata hivyo, tafuta toleo safi la kidijitali la Shaaban Robert, lililohaririwa vizuri, lililo halali na la bure, uone utakachopata: kurasa zilizopigwa picha gizani, kidole cha mpiga picha kikiwa kimefunika beti mbili. Wakati huo huo Muhammed Said Abdulla, aliyefariki mwaka 1991, analindwa hadi 2041, na Euphrase Kezilahabi, aliyetutoka Januari 2020, hadi 2070, na vitabu vyao vinazunguka kama karanga. Kilicho huru tumekiacha kioze, kilicho na mwenyewe tunakigawa. Hatujui kipi ni kipi kwa sababu hakuna aliyetuambia, na hakuna aliyetuambia kwa sababu semina za hakimiliki chuoni kazi yake imekuwa kutisha.

Makala za kitaaluma ni kesi nyingine, na hapa msimamo wangu ni mkali zaidi. Mwandishi wa makala ya jarida halipwi na jarida. Msomaji anayeikagua kabla ya kuchapwa kwa kawaida naye halipwi. Utafiti wenyewe mara nyingi umegharamiwa na kodi au ufadhili. Kisha makala inafungiwa nyuma ya ukuta, na mwanafunzi wa Mbeya anadaiwa makumi ya dola kwa siku moja ya kuisoma, fedha ambazo hazimfikii aliyeiandika. Hapo nikiuliza nani anaumia faili likitumwa, jibu ni kampuni ya uchapishaji, basi. Aliyeandika anafurahi kusomwa. Mwandikie barua pepe kwa adabu, wengi hukutumia makala yao wenyewe siku hiyo hiyo.

Lakini ni katika eneo hili hili, ambapo anayeumia ni vigumu kumwona, sheria imewashukia vijana kwa nguvu ya ajabu. Diego Gómez, mwanafunzi wa biolojia nchini Kolombia, mwaka 2011 aliweka mtandaoni tasnifu ya mtu mwingine ili wenzake wa fani yake waipate. Hakupata senti. Alishtakiwa kwa jinai, kosa lenye kifungo cha kati ya miaka minne na minane, akaishi na kesi hiyo hadi alipoachiwa huru mwaka 2017. Marekani, Aaron Swartz alikamatwa Januari 2011 baada ya kupakua mamilioni ya makala za JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, kupitia mtandao wa chuo cha MIT. JSTOR wenyewe walimalizana naye, lakini waendesha mashtaka wa serikali waliendelea. Alijiua Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 26, kabla kesi haijasikilizwa.

Njia ya kutoka hapa ipo na haihitaji uharamia. Swahili Forum, jarida la wanazuoni wa Kiswahili linalohusishwa na Leipzig nchini Ujerumani, linasomwa bure mtandaoni na yeyote mwenye bando. African Journals Online, yenye makao Afrika Kusini, imekusanya majarida ya bara letu, na mengi kati yake ni ya bure. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zinamwezesha mwandishi kusema mapema: chukueni, sambazeni, jina langu libaki. Mhadhiri anayeandika makala leo ana uwezo wa kuchagua. Akichagua jarida lenye ukuta kwa sababu lina alama nyingi za kupandishwa cheo, asishangae kuikuta makala yake kwenye grupu la mwaka wa pili.

Nikifika kwenye riwaya ya Kiswahili, ule ukali wangu wa kuwatetea wanafunzi unanitoka. Soko la kitabu cha Kiswahili ni jembamba. Mwandishi kwa desturi hupata karibu sehemu ya kumi ya bei ya kila nakala, na nakala zinazouzwa ni chache, isipokuwa kitabu kikichaguliwa kuwa cha kiada shuleni. Kiada ndiyo mvua pekee ya mwandishi wetu. Na ni mvua hiyo tunayoikinga kwa mwavuli wa PDF. Kenya, kila kitabu kinapoteuliwa kwa mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, kama ilivyokuwa kwa Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora au Chozi la Heri cha Assumpta Matei, nakala zake huanza kuzunguka kwenye simu, nyingine zikiwa zimeunganishwa na miongozo ya mtihani inayouzwa na watu ambao hawakuandika hata kituo kimoja. Mwanafunzi anayeituma nakala hiyo hajaipora kampuni kubwa ya ng'ambo. Amempora mwalimu wa Kiswahili aliyeandika usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Najua jibu litakalokuja: kitabu hakipatikani. Ni kweli, na hapa wachapishaji wetu wasijifiche nyuma ya COSOTA. Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka riwaya ya Said Ahmed Mohamed anaweza kuzunguka maduka ya mji mzima asiione. Anaweza kulipia umeme, king'amuzi na ada kwa simu katika dakika moja, lakini hawezi kununua riwaya ya kurasa mia moja na hamsini kwa njia hiyo hiyo, kwa bei ya sahani ya wali na maharage, aipate kwenye simu yake kihalali. Vipo vitabu vichache vinavyouzwa kidijitali; vingi vya wakongwe havipo. Mahali ambapo bidhaa halali haipo, ile haramu haina mshindani. Hilo linaeleza tabia yetu, halimlipi mwandishi.

Zaidi ya fedha kuna jina. Kitu cha kwanza kupotea faili linaposafiri ni jalada na ukurasa wa hakimiliki. Baada ya wiki kadhaa riwaya inaitwa "Desa la mwisho kabisa(2)". Madokezo ya mhadhiri yanapita vyuo vitatu bila jina, yanaibuka kama sura ya pili ya utafiti wa mtu. Katika utamaduni wetu wa kuandika, hili ni kosa kubwa kuliko kunakili. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, na umetufikia kwa sababu watu walikaa chini wakaunakili kwa mkono, mwandiko wa Kiarabu, nakala baada ya nakala. Kunakili kulikuwa ndiko kuhifadhi. Lakini utenzi ulibaki wa Mwana Kupona. Hakuna aliyeufuta jina akaufanya wake. Sisi tumerithi kunakili, jina tumeliacha njiani.

Muziki unafuata hesabu nyingine kabisa. Msanii wa Bongo Fleva hakasiriki wimbo wake ukisikika kwenye kila bodaboda, anaufukuzia. Fedha yake iko kwenye shoo, matangazo, na watazamaji wa YouTube. Kwa hiyo tofauti muhimu katika grupu ni kati ya kiungo na faili. Anayetuma kiungo cha YouTube anamwongezea msanii mtazamaji. Anayeugeuza wimbo kuwa faili na kuurusha kwa programu ya Xender anampunguzia. Kwa bahati mbaya kiungo kinakula bando la kila msikilizaji, na faili likishaingia simu moja linahama bure kutoka simu hadi simu. Uchumi wa bando ndio unaoamua maadili yetu ya muziki, na kampuni za simu zingeweza kuubadilisha kesho asubuhi kwa kifurushi nafuu cha kusikiliza muziki halali.

Ila kampuni za simu zenyewe zina historia. Wasanii wawili, AY na Mwana FA, walikuta nyimbo zao Dakika Moja na Usije Mjini zikiuzwa kama miito ya simu bila ya idhini yao. Walikwenda mahakamani, na Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru Tigo iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2. Weka kesi hiyo kando ya ile ya Joel Tenenbaum, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boston, ambaye mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama lilimtaka azilipe kampuni za rekodi dola 675,000 kwa nyimbo 30. Boston kampuni zilimfuata kijana, Ilala vijana waliifuata kampuni. Ukiniuliza hakimiliki inafaa kufanya kazi namna gani, nitakuonyesha Ilala. Mwana FA, yaani Hamis Mwinjuma, baadaye alikuwa mbunge wa Muheza na Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara yenye dhamana na mambo haya haya.

Wasanii nao hutendeana. Wimbo Uno wa Harmonize uliwahi kuondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umechukuliwa. Mashabiki wa pande zote mbili walitukanana kwa siku kadhaa kana kwamba ni mechi ya mpira. Nilichojifunza pale ni kwamba YouTube imekuwa hakimu wa mwanzo wa Afrika Mashariki: malalamiko yanajazwa kwenye fomu, wimbo unashushwa, na mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, au ya Milimani, Nairobi, haijasikia lolote. Kenya imejaribu kuweka utaratibu wake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanampa mwenye kazi nafasi ya kumtaka mtoa huduma ya intaneti aondoe kazi iliyowekwa bila idhini, na anayelalamikiwa naye ana nafasi ya kupinga. Ni mwanzo mzuri.

Halafu kuna watu ambao sijui niwaweke wapi. Marehemu Lufufu alisimulia kwa Kiswahili filamu za Hong Kong, India na Marekani, akaongeza vichekesho vyake, akawapa wahusika majina ya mitaani, na watu wakajaa vibanda umiza, yaani kumbi za video za mitaani, kumsikiliza yeye. Kenya yupo DJ Afro. Uganda kuna wasimuliaji wa namna hiyo waitwao mavijei, VJ Jingo akiwa mashuhuri. Kisheria, kutafsiri kazi ni haki ya mwenye kazi, na hakuna studio ya Hong Kong iliyotia saini na kibanda cha Manzese. Kisanaa, sauti ile ni utunzi. Hollywood haikupoteza tiketi hata moja kwa Lufufu, kwa kuwa haikuwahi kumuuzia tiketi mzee wa Tandale kwa lugha yake. Hapa kwangu sheria iko sahihi kwenye karatasi na maisha yako sahihi mtaani, na ningependa wanasheria vijana waandike tasnifu juu yake badala ya kurudia kesi za Uingereza za karne iliyopita.

Bado ile picha ya mwanadarasa aliyesinzia. Ni ajabu kwamba tunapogombana kuhusu kushea tunataja vitabu na muziki, na hiki tunakisahau, ilhali ndicho kinachoumiza haraka kuliko vyote. Haki ya kunakili picha ni ya aliyeipiga. Sura ni ya aliyepigwa, na huyo hakuulizwa. Mark Zuckerberg, akiwa mwanafunzi wa Harvard mwaka 2003, alichota picha za wanafunzi kwenye tovuti za mabweni bila ruhusa akaziweka zishindanishwe kwa uzuri. Chuo kilimwita kujieleza. Miezi michache baadaye, mwaka 2004, alianzisha mtandao ambao leo sisi wenyewe tunaupelekea picha kwa hiari, tukiwa tumekubali masharti marefu yanayoipa kampuni leseni ya dunia nzima, isiyolipiwa, ya kuzitumia. Picha zinabaki zetu kwa jina, na kazi zinawafanyia wao.

Kwa upande wa sura ya mtu, Kenya imeonyesha meno. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na kilabu kimoja milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. CR anayeendesha grupu la watu mia tatu angefaa kuzijua sheria hizi kabla ya ile ya hakimiliki. Kitabu kilichosambazwa kinaweza kulipiwa baadaye. Picha ya aibu hairudishwi.

Na mezani kuna mgeni mpya, akili mnemba. Nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha kuwa Meta ilipakua vitabu vya Library Genesis, maktaba ile ile ya uharamia ambayo mwanafunzi huambiwa ni dhambi kuifungua, ili kuifundishia programu yake ya lugha. Juni 2025 jaji aliipa Meta ushindi juu ya hoja za waandishi walioishtaki. Kampuni nyingine, Anthropic, mwaka huo huo ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya vitabu ilivyopakua kutoka maktaba za aina hiyo, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Kiasi hicho kinapendeza mpaka usome masharti: kilichohesabiwa ni kitabu kilichosajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Riwaya iliyochapwa Dar es Salaam au Nairobi na isiyosajiliwa Washington haikuwamo. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anaweza kunakiliwa na mwanafunzi wa Mlimani na kampuni ya California kwa pamoja, na asilipwe na yeyote kati ya hao wawili.

Baada ya kuyapima yote hayo, msimamo wangu ni huu. Makala ya jarida, isome na umpe mwenzako, kisha umtaje aliyeandika. Sura ya kitabu cha rejea, toa kopi. Riwaya ya mwandishi wetu aliye hai, inunue, au iazime. Faili lake lisipite kwako. Wimbo, tuma kiungo. Picha ya mtu, muulize kwanza. Mwanafunzi anayafanya haya bila kusubiri bunge.

Yaliyobaki hayako mikononi mwetu. Wahadhiri waandike orodha za usomaji wakijua nini kinapatikana bure kihalali. Vyuo viziweke wazi tasnifu zetu, ambazo hakuna mchapishaji anayezidai. Wachapishaji waiuze riwaya kwa simu. Na COSOTA, kabla ya semina nyingine ya kututisha, itoe kwa umma orodha ya waandishi wa Kiswahili ambao muda wa ulinzi wa kazi zao umekwisha, na mwaka ambao muda wa kila mmoja wa waliobaki utakwisha. Hiyo ni kazi ya karani mmoja na kompyuta moja, na haihitaji sheria mpya.